Tovuti ya biashara ndogo: niliyojifunza Kericho baada ya kupoteza jina

Mtu wa Mombasa akisikia Kericho hufikiria chai, na hakosei, kwa sababu chai ya huku huishia kwetu. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu wakati huo malori hushuka na chai ya Kericho na Bomet mpaka kwenye magodauni yetu, ikakutana na ile ya Uganda, Rwanda, Burundi na kwengineko. Nimekulia Majengo nikiyaona malori hayo. Sikudhani kwamba siku moja nitaishi kule yanakotoka.

Intaneti nayo hufuata njia hiyo hiyo, ila yenyewe huenda kinyume. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na kutoka hapo mtandao wa kasi ukaanza kupanda bara. Kwa hivyo chai inashuka, intaneti inapanda, na mimi na mke wangu tunajaribu kula hapo katikati.

Tuna biashara ndogo mjini Kericho. Tunafungasha chai ya viungo. Majani ni ya huku, zile punje ndogo za CTC ambazo ndizo Kenya hutengeneza kwa wingi. Iliki, mdalasini na tangawizi kavu hununuliwa na dada yangu Marikiti akanitumia kwa basi. Wateja wetu wengi wako Pwani: Mombasa, Kilifi, Malindi, wachache Lamu. Ndiyo kusema viungo hupanda kutoka Mombasa, vikachanganywa na chai, halafu vikateremka tena Mombasa. Mjomba wangu hucheka sana akilisikia hilo.

Nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kuitengenezea biashara hii tovuti kwa mikono yangu, kwa ajili ya yule msomaji wa Pwani ambaye ana duka la madera, nyumba ya wageni au boti ya kuwatembeza watalii, na anasikia kila siku kwamba lazima awe na tovuti lakini hajui aanzie wapi. Mimi si mtaalamu. Nimejifunza kwa kukosea, na kosa la kwanza ndilo lililotugharimu zaidi.

Nyumba bila ardhi

Mwanzoni sikutaka kujifunza lolote. Nilimlipa kijana mmoja anayejua kompyuta, akatutengenezea tovuti ya kupendeza kwa siku nne. Tulifurahi mpaka tukachapisha anwani yake kwenye lebo za paketi, katoni nne nzima, kwa sababu mchapishaji alitupunguzia bei tulipoagiza nyingi.

Mwaka ukapita. Siku moja dada akanipigia: "Kaka, mbona tovuti yenu haifunguki? Nimejaribu tangu asubuhi." Nikampigia yule kijana, namba haipatikani. Nikafuatilia kwa wakala aliyelisajili jina la tovuti, nikaelezwa kwa adabu kwamba jina lile halijawahi kuwa langu hata siku moja. Lilisajiliwa kwa jina la kijana, kwa barua pepe ya kijana, na malipo ya mwaka wa pili hayakufanywa. Kabla sijajua la kufanya, jina likachukuliwa na mtu mwengine kabisa. Anayeuza vitu ambavyo si chai.

Simwiti yule kijana mwizi. Nadhani alipata kazi pengine, akabadilisha laini, akatusahau. Lakini sisi tulibaki na katoni nne za lebo zinazompeleka mteja kwa mtu tusiyemjua.

Wenyeji wa Mombasa mnaijua vyema nyumba bila ardhi. Babu anajenga nyumba kwa miti na mawe yake, anaezeka, anazaa watoto humo, lakini kiwanja ni cha mtu mwengine, na mwenye kiwanja akisema basi, ni basi. Nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba nilikwenda mpaka Kericho nikajenga nyengine vile vile, safari hii kwenye mtandao.

Tovuti ina vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Kuna jina, yaani ile anwani watu wanayoiandika. Wataalamu huiita kikoa. Kuna seva, yaani kompyuta iliyowashwa usiku na mchana ambayo inahifadhi tovuti yako na kumpa kila anayeiomba. Halafu kuna mafaili yenyewe: maandishi, picha na maagizo ya jinsi ya kuvipanga. Jina ni kiwanja, seva ni mahali nyumba iliposimama, mafaili ni nyumba. Mfano huu hauko sawa kabisa, kwa sababu hata jina huwa hulinunui la milele, unalilipia mwaka hadi mwaka. Lakini maadamu limeandikwa kwa jina lako na umelipa, hakuna wa kukutoa. Seva unaweza kuhama kesho, na mafaili unaweza kuyaandika upya. Jina likipotea, umepotea nalo.

Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na taasisi inayoitwa KeNIC. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke. Tangu 2017 unaweza pia kupata jina fupi linaloishia na .ke peke yake. KeNIC yenyewe haiuzi rejareja, unapitia kwa mawakala walioidhinishwa, na orodha yao iko kwenye tovuti yake. Sisi tulichukua .co.ke kwa sababu mteja wa Kenya ameshaizoea.

Ukisajili, fanya mwenyewe, hata kama fundi amekaa pembeni yako. Andika jina lako kamili au la biashara, namba yako ya simu na barua pepe yako. Na barua pepe hiyo isiwe inayotumia jina la tovuti hiyo hiyo. Mimi nilitaka kufanya hivyo, nikaonywa na kijana wa saiba hapa mjini: siku jina litakapoisha muda, barua pepe nayo itazimika, na ile barua ya kukukumbusha ulipe haitakufikia kamwe. Mke wangu ameiandika tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya ukutani, kwa wino mwekundu, mwezi mmoja kabla. Siku zote mbili tunazijua, mimi na yeye.

Notepad na mvua

Baada ya msiba ule ndipo nilipoamua kujifunza. Nilikuwa na laptopu kuukuu, na nilikuwa na jioni. Kericho kuna mvua za alasiri ambazo mtu wa Pwani huzizoea kwa taabu. Mvua ikipiga, mara nyengine ya mawe, umeme unaweza kuondoka na mtandao ukaondoka nao. Nilidhani hilo litanikwamisha. Kumbe ukurasa wa tovuti hauhitaji intaneti ili uandikwe. Ni faili la maandishi tu. Unaliandika kwenye Notepad, programu iliyomo ndani ya kila kompyuta ya Windows, unalihifadhi, unalifungua kwa kivinjari chako cha kawaida, unaona matokeo hapo hapo. Betri ikiwa na chaji, mvua na inyeshe.

Lugha ya kwanza ni HTML. Aliibuni Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na tovuti ya kwanza duniani ilikuwa ya huko huko. Kazi yake ni kukiambia kivinjari kila kipande cha maandishi ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda pengine, hapa weka picha. Unafanya hivyo kwa alama zinazofunguliwa na kufungwa, kama hivi:

<h1>Chai ya viungo kutoka Kericho</h1>

Ile ya kwanza inafungua kichwa cha habari, ile yenye mkwaju inakifunga. Alama ya p ni ya aya, a ni ya kiungo, img ni ya picha, ul na li ni za orodha. Kwa alama kumi hivi unaweza kutengeneza ukurasa wa duka ukatosha. Mimi nilikuwa nikizitaja kwa sauti kama mtoto wa chuoni, mke wangu akawa anazijua kabla yangu.

Makosa ya mwanzo huwa ni madogo, lakini yanaweza kukukosesha usingizi. Nitataja matatu, kwa sababu kila ninayemfundisha huyafanya.

Notepad hupenda kuongeza herufi za .txt mwishoni mwa jina la faili bila kukuambia. Ukihifadhi index.html inakuwa index.html.txt, na kivinjari kinakuonyesha alama zako zote badala ya ukurasa. Wakati wa kuhifadhi, chagua aina ya faili iwe mafaili yote. Ukurasa wa kwanza wa tovuti uite index.html, kwa herufi ndogo, kwa sababu ndio seva nyingi huutafuta mgeni anapobisha hodi.

La pili ni kusahau kufunga. Nilisahau kufunga alama ya kiungo siku moja, ukurasa mzima kuanzia hapo kwenda chini ukawa kiungo, hata bei. Ukibonyeza "shilingi" unapelekwa WhatsApp.

La tatu lilinichukua siku mbili. Picha zangu zilionekana kwenye laptopu, lakini nilipopandisha tovuti kwenye seva zikawa miraba mitupu. Tatizo lilikuwa kwamba faili liliitwa Chai.JPG, na mimi niliandika chai.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi za mtandaoni zinaendeshwa na Linux, na Linux inajali. Tangu siku ile kila faili langu ni herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati.

Baada ya HTML inakuja CSS, ambayo kazi yake ni sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi baina ya vitu. Hapo ndipo watu hujisahau, na mimi nilijisahau wiki mbili nzima. Nilitaka rangi ya majani ya chai machanga, ile kijani nyepesi unayoiona asubuhi ukitokea Kericho kwenda Litein, mashamba yamejipanga kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Nikaandika maandishi ya kijani nyepesi juu ya nyeupe. Ndani ya nyumba yalipendeza. Nikamwonyesha jirani nje kwenye jua, akageuza simu huku na huku, akanirudishia. Hakuona hata herufi moja. Sasa maandishi ni meusi, na ile kijani iko kwenye mstari wa juu tu, kwa kujifariji.

Hapa huniulizwa kama kuna haja ya kujifunza haya, wakati WordPress ipo tangu 2003 na inakutengenezea kila kitu kwa kubonyeza. WordPress ni nzuri, na ukiwa na bidhaa mia au unataka kuandika habari kila wiki, itumie. Lakini ina mitambo ndani yake inayohitaji kusasishwa kila mara, na ukiiacha bila kuisasisha wahuni huingia. Duka la paketi tatu halihitaji hayo. Maoni yangu ni kwamba mtu ajifunze HTML na CSS kwa mwezi mmoja kwanza, hata kama baadaye atakwenda WordPress au atamwajiri fundi. Angalau atajua anachouziwa.

Masomo yako bure mtandaoni. Mimi nilitumia MDN ya Mozilla na W3Schools, na freeCodeCamp nilipotaka mazoezi. Ni ya Kiingereza, ndiyo shida yake. Niliweka daftari, kila neno jipya nikaliandikia Kiswahili chake au maelezo yake. Neno lililonisumbua zaidi ni lile ambalo vijana hulisema "kodi", wakiwa na maana ya yale maandishi ya kompyuta. Siku ya kwanza kijana wa saiba aliponiambia "kodi yako ina makosa", nilidhani ni mambo ya KRA.

Pa kufanyia mazoezi napo bure papo. GitHub Pages huhifadhi kurasa za namna hii bila malipo, na nilijifunzia huko. Lakini soma masharti yao: hawaruhusu huduma hiyo itumike kuendeshea biashara ya mtandaoni. Tulipokuwa tayari tulilipia seva ya kawaida. Hakikisha seva yoyote utakayolipia inakupa ile kufuli ya https. Tangu 2015 kuna Let's Encrypt inayotoa vyeti vyake bure, kwa hivyo usikubali kutozwa pesa nyingi kwa hilo. Tovuti isiyo na kufuli, Chrome humwambia mteja wazi kwamba si salama, na mteja akishaliona neno hilo hakupi pesa yake.

Bando la nani

Jirani yetu ni mama wa Kikipsigis anayeuza asali kutoka kwao Bomet. Huku wananiita Mswahili, na sijakataa. Aliponiona kila jioni na laptopu aliniuliza: "Mswahili, hiyo tovuti inakula bando ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia: "Haili langu, mama. Inakula la yule anayekuja kuitazama."

Akafikiri kidogo. "Basi unawakaribisha wageni, halafu wanajilipia chai?"

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu ukubwa wa picha. Nilikuwa nimeweka picha kumi zilizopigwa kwa simu, kila moja karibu megabaiti 4. Hizo ni megabaiti 40. Mteja wa Lamu aliyenunua bando la megabaiti 50 akifungua ukurasa wangu, amebaki na la kusalimiana tu. Na kabla halijaisha ameshachoka kungoja.

Picha ya tovuti haihitaji kuwa kubwa hivyo. Ipunguze upana mpaka pikseli 1200 au chini, ihifadhi upya kama JPEG au WebP, na itashuka mpaka kilobaiti mia na kitu bila jicho kuona tofauti. Picha zangu kumi sasa zote pamoja hazifiki megabaiti 2. Nimeziondoa na nyengine sita ambazo hazikuwa na kazi, zilikuwa mandhari ya mashamba tu. Mandhari nzuri, lakini aliyeko Malindi anataka kuona paketi.

Kila picha iandikie maelezo mafupi ndani ya alama yake, sehemu inayoitwa alt. Picha isipofunguka, maneno hayo huonekana badala yake, na asiyeona husomewa na simu yake. Usiandike "picha1". Andika "Paketi ya nusu kilo ya chai ya iliki".

Kuhusu simu, nilifundishwa na mjomba. Yeye ndiye anayetupokelea mizigo Mwembe Tayari, mabasi yanapoteremsha. Nilimtumia anwani ya tovuti mpya kwa majivuno, akanipigia baada ya dakika mbili.

"Mwanangu, nimeifungua."

"Unaionaje, mjomba?"

"Siioni. Imekuwa ndogo kama maandishi ya chupa ya dawa. Nivae miwani miwili?"

Kwenye laptopu ilikuwa sawa. Nilichokosa ni mstari mmoja juu ya ukurasa, unaoitwa viewport, ambao unaiambia simu iupange ukurasa kwa upana wa skrini yake. Usipouweka, simu hujifanya kompyuta kubwa kisha hukunja kila kitu kiingie. Nikaongeza mstari ule, nikaongeza ukubwa wa herufi, nikampigia tena. Tangu hapo sifanyi badiliko lolote bila kulitazama kwanza kwa simu, na si simu yangu nzuri, simu ya mjomba. Wateja wetu karibu wote hufungulia simu.

Daftari la maswali

Ukishajua kutengeneza ukurasa, swali linalobaki ni utaandika nini ndani yake, na hapo masomo ya mtandaoni hayakusaidii.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na aya sita kuhusu Kericho. Nilieleza jinsi makampuni ya Kiingereza yalivyopanda chai huku miaka ya 1920, jinsi KTDA ilivyoanzishwa 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, jinsi wanavyochuma majani mawili na chipukizi. Nilieleza hata jinsi wakulima wa Kericho na Bomet wanavyoingoja bonasi ya mwisho wa mwaka, na manung'uniko yao kwamba wenzao wa upande wa pili wa Bonde la Ufa hulipwa zaidi. Yote ya kweli, na mimi nayapenda. Hakuna mteja hata mmoja aliyeyauliza.

Mke wangu ndiye anayeshika simu ya biashara. Nikamwomba aandike kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, kila swali analoulizwa na mteja mpya. Maswali yalikuwa yale yale. Paketi ni ngapi? Mnatuma Kilifi? Inafika baada ya siku ngapi? Nauli ya basi analipa nani? Iliki imo ya kutosha au ni ya kunusa tu? Majani ni yepi, PF1 au vumbi? Nitajuaje nyinyi si matapeli?

Lile la mwisho liliulizwa zaidi ya yote, kwa maneno tofauti.

Nikafuta aya sita. Ukurasa wetu wa kwanza sasa ni majibu ya maswali hayo, kwa mpangilio ule ule wa daftari. Bei ziko juu, zimeandikwa kwa maandishi, si ndani ya picha, ili zinapopanda nibadilishe tarakimu moja tu. Siku za kutuma zimetajwa. Imeandikwa wazi nani analipa nauli. Kericho imebakishiwa sentensi mbili.

Kwa lile la matapeli tuliweka jina kamili la biashara kama linavyotokea kwenye simu ya mteja anapolipa kwa Lipa na M-Pesa, tukamwambia: ukiona jina jengine, usitie namba ya siri. Tukaweka mahali tulipo mjini, na maelezo ya usajili wetu. Hapa niseme kwa haraka, kwa sababu nimeona watu wakianza na tovuti kabla ya mambo haya: chini ya Sheria ya Chai ya 2020, anayefungasha chai ya kuuza lazima asajiliwe na Bodi ya Chai, na paketi inahitaji alama ya KEBS. Kila biashara ina vibali vyake. Tovuti nzuri ya bidhaa isiyo na kibali ni kujitangaza kwa askari wa kaunti.

Nilitaka pia kuweka malipo ya moja kwa moja, mteja abonyeze na ombi la M-Pesa limtokee kwenye simu. Inawezekana, Safaricom wana mfumo wa Daraja kwa kazi hiyo, lakini si kazi ya anayeanza. Tumebaki na namba ya malipo iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na vitufe viwili. Kimoja kinapiga simu: ni kiungo kinachoanza na tel: kisha namba. Cha pili kinafungua WhatsApp: ni wa.me, mkwaju, halafu namba ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Nilipoisahau kanuni ya sifuri, kitufe kilikaa siku tatu bila kufanya kazi na hakuna aliyenieleza. Mteja hakuelezi, anaondoka tu.

Fomu ya kujaza jina na namba niliiondoa. Ukishakusanya majina na namba za watu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu, unawajibika kuzitunza na kueleza unazitumia kwa lipi. Kwa duka letu WhatsApp inatosha.

Lugha ni Kiswahili, na juu ya kila ukurasa nimeandika lang="sw" ili kivinjari kijue. Tulibishana kidogo na mke wangu, yeye ni wa huku na alitaka Kiingereza kiwepo. Alisema mtalii haelewi "mdalasini". Nikamwambia mtalii hajawahi kutupigia. Tukakubaliana kuweka ukurasa mmoja wa Kiingereza, na wiki iliyofuata mtu akatuandikia kutoka Uingereza, Mswahili wa Lamu aliyehamia huko, akauliza kwa Kiswahili. Mpaka leo kila mmoja wetu anaona kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Mafaili yote yako kwenye folda moja. Nakala moja iko kwenye flashi ndani ya kabati, nyengine nimemtumia dada Mombasa. Maneno ya siri ya wakala na ya seva yako kwenye bahasha, na mke wangu anajua ilipo.

Mama wa asali naye ameshasajili jina lake. Alikuja na kitambulisho chake, akaandika kila herufi mwenyewe kwa kidole kimoja, ikatuchukua karibu saa nzima. Ukurasa wake bado hauna picha, hajapata siku isiyo na mvua ya kupigia mizinga.

Katika zile katoni nne za lebo zimebaki moja na nusu. Tunakaa mezani usiku baada ya watoto kulala, tunabandika stika ndogo yenye anwani mpya juu ya ile ya zamani, paketi baada ya paketi.